Nani Atamvusha Mtoto Kizingiti

Jumatatu, 5 Februari. Arua.

Shule zimefunguliwa. Watoto wanne wametoka na soksi saba. Nyumba kimya. Nimekaa na daftari hili, na naliandika Kiswahili kwa makusudi. Kiswahili cha kuandika nilikipata Kibera, kwa shangazi yetu, miaka saba. Tahiru mume wangu ana Kiswahili cha sokoni tu, na cha kuandika kinamshinda. Kwa hiyo humu naweza kusema kweli tupu.

Kweli yenyewe ni hii. Jumamosi ni arobaini ya binti wa mdogo wangu Muzamili, kule Koboko. Mkewe Aminah amengoja mtoto miaka tisa. Tisa! Watu walimsema mpaka wakachoka, wakapumzika, wakaanza upya. Sasa amepata.

Katika ukoo wetu, mtoto akishaletwa nyumbani kutoka hospitali havuki mlango siku arobaini. Siku ya arobaini mwanamke mmoja anachaguliwa. Anambeba, anavuka naye kizingiti, anamwonyesha jua na barabara. Na tabia ya mwanamke huyo inaingia kwa mtoto. Inaingia kabisa! Mimi nilitolewa na jirani mmoja aliyekuwa hakomi kusema watu. Bahati nzuri kwangu haikushika.

Anayechagua ni Habuba, bibi yetu mzaa baba. Anakaa kwa Muzamili, ana miaka tisini na hajawahi kumsifu mtu.

Sasa tuulizane. Nani anafaa? Nimezaa saba. Wote saba wamenyonya miaka miwili kamili, bila kuonja kitu kingine. Mji mzima unaniita Mama Hamuza, kwa heshima ya kifungua mimba wangu. Mtu angefikiri jambo limekwisha. Lakini leo asubuhi binti yangu Shakira amepiga simu kutoka Koboko. Anasema Aminah anamtaka Asiya.

Asiya! Mdogo wangu wa mwisho! Miaka thelathini na sita, hana mume, hana mtoto, ana duka la vipuri vya bodaboda. Anavaa suruali chini ya gauni. Anakula akiwa amesimama. Msichana akitolewa nje na Asiya, atakuja kuzaa plagi.

Simhukumu. Naona tu.

Kuna jambo jingine, nitaliandika mara moja halafu nigeuze ukurasa. Shakira alimaliza Senior Six mwaka jana, akaomba akae Koboko kwa mama yake mdogo, amsaidie dukani. Siku aliyoondoka aliniambia anataka maisha kama ya Asiya. Nikamuuliza sehemu gani ya maisha ya Asiya. Akasema yote. Nimezaa saba, na binti yangu mkubwa anamtaka yule aliyezaa sifuri! Tangu siku ile nikila chakula sijui kama kina chumvi.

Kwa hiyo Habuba akinikabidhi yule mtoto mbele ya watu, na Shakira akiwa pale anatazama, itajulikana nani aliishi vizuri. Basi. Ni hilo tu nalotaka.

Kesho naenda Koboko. Nitakaa mpaka arobaini. Nimemwandikia Tahiru maagizo kurasa mbili kwa Kiingereza. Ameuliza nani atawaangalia watoto wiki ya kwanza ya shule. Nikamwambia nakwenda kwa ajili ya mambo ya malezi. Amenitazama kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

Jumanne, 6 Februari. Koboko.

Nimefika na unga wa mtama, bamia kavu, na tabaga mpya niliyoisuka mwenyewe ya kufunikia chakula. Wifi Aminah amenipokea vizuri ila amekonda. Nikamwambia amekonda. Nikamwambia pia nyumba ina vumbi, mtoto amefunikwa sana, na dirisha hilo litamletea mtoto upepo. Akasema asante dada. Nadhani amefurahi kupata mtu mwenye uzoefu.

Muzamili yuko Juba na mizigo yake, anarudi Ijumaa.

Mpango wa kwanza: Habuba aone kwa macho yake jinsi mtoto anavyotulia mikononi mwangu. Nikamchukua mbele yake. Mtoto akanitazama. Akavuta pumzi. Mtume! Sijawahi kusikia sauti ile kutoka kitu kidogo hivyo. Nikamtikisa, nikamwimbia, nikampiga mgongo kama nilivyowapiga saba. Akazidi. Habuba akaziba sikio moja.

Saa kumi na moja Asiya akaingia kutoka dukani, mikono myeusi. Akanawa. Hakuimba wala nini. Akamchukua, akaendelea kumweleza Aminah habari za mteja aliyerudisha mnyororo. Mtoto akalala!

Aibu. Nimewaza jioni nzima. Mtoto hawezi kumpenda Asiya kwa sababu za kawaida. Lazima kuna sababu nyingine. Ndipo nikaelewa: ni ile harufu ya grisi. Amezoea grisi.

Tahiru amepiga. Anasema wamekula. Nikauliza wamekula nini. Akasema chakula.

Jumatano, 7 Februari.

Nimekwenda dukani kwa Asiya, eti kumsalimia Shakira. Shakira ana penseli nyuma ya sikio na anazungumza na wanaume wa bodaboda kuhusu breki. Nilipomkumbatia alinipa bega moja tu, kwamba mikono ni michafu. Nikamuuliza kama anakula vizuri. Akasema wanakula mchana pale pale. Nikauliza wakiwa wamekaa? Akacheka. Sikuwa natania.

Walipogeuka nilichukua kitambaa cha kufutia mikono, chenye grisi ya kutosha. Nikakificha chini ya gurbaba yangu, nguo ya kujifunga, ile ya njano na zambarau ninayoiweka kwa siku kubwa. Nimeivaa leo ili Habuba azoee kuniona nayo.

Nyumbani nikamchukua mtoto kwa kujiamini. Akapiga chafya tatu. Halafu Habuba akanyanyua kichwa na kuuliza, nani iko naleta pikipiki ndani ya nyumba? Aminah akatazama huku na huku. Mimi nikatazama dari. Nilipokwenda kukitoa kile kitambaa nyuma ya jiko, gurbaba ilikuwa na doa kubwa kama kiganja. Nimefua kwa sabuni ya mche, nimefua kwa majivu. Doa limekuwa refu zaidi.

Lakini Mungu hamtupi mja wake! Nilipokuwa nyuma ya jiko nikisugua, nikaona gunia la makaa limesogezwa. Nyuma yake kuna kopo. La nini? La maziwa ya unga ya watoto. Limefunguliwa. Limefika nusu.

Nikakaa chini.

Aminah ananyonyesha. Nimemwona kwa macho yangu. Habuba hajui hata kusoma kopo. Anayeingia humu kila jioni ni nani? Anayembeba mtoto mpaka analala ni nani? Kumbe siri ya usingizi ni hii! Asiya anamnywesha mtoto wa watu maziwa ya kopo kwa siri, ili aonekane ana mkono wa baraka. Wahenga walisema, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Yeye aujue wapi?

Kesho wanawake wa mtaa wanakuja kumwona mzazi. Kesho.

Annet jirani yangu amepiga kutoka Arua, mwanamke wa kwaya, kila kitu anaanza na pole. Pole Mama Hamuza, nimeona mtoto wako wa mwisho anakwenda shule na viatu vya dada yake. Pole Mama Hamuza, uko wapi siku zote hizi? Nilimjibu kwa adabu. Kwa nini wanawake wako hivi? Mtu anatazama viatu vya mtoto wa mwenzake, anahesabu siku za safari ya mwenzake! Sielewi hata kidogo.

Alhamisi, 8 Februari.

Sijui nianzie wapi.

Walikuja kumi na wawili. Walikaa kwenye mikeka, wamejifunga gurbaba, udi unafuka. Habuba kwenye kitanda. Nikawapitishia mikate ya gurusa na chai. Kila mmoja alisema neno lake kwa Aminah. Mmoja alisema usimlaze chali. Wa pili alisema usimlaze kifudifudi. Wa tatu alisema yeye wake walilala wenyewe. Aminah aliitikia wote, ndiyo mama, ndiyo mama.

Asiya alikuja mapema, akakaa mlangoni na Shakira. Nikaona saa imefika. Nikaingia na tabaga yangu, nikaiweka katikati kama nimeleta chakula. Nikasema kwa sauti laini kwamba nina swali dogo tu kwa mdogo wangu Asiya, yeye ambaye hajazaa lakini anajua sana kulaza watoto. Nikafunua.

Kopo.

Aaah! wakasema wote kumi na wawili. Ilikuwa nzuri sana. Kwa pumzi moja hivi ilikuwa nzuri sana.

Asiya akalitazama kopo. Akanitazama mimi, muda mrefu. Nikajiandaa kwa matusi. Akasema tu, hiyo iko yangu, ni mimi nilinunua. Hakuongeza neno. Habuba akamuuliza kama alimpa mtoto bila mama kujua. Akainamisha kichwa.

Ndipo Aminah akasema hapana.

Alisema kopo ni lake. Maziwa yake hayatoshi. Mtoto alipungua uzito, muuguzi aliyekuja kumpima akamwambia aendelee kunyonyesha na amwongeze ya kopo. Akaogopa. Akamwomba Asiya amnunulie na amfichie. Asiya alikubali kulificha, na alikubali likigunduliwa liwe lake. Aminah alisema haya yote kwa sauti ndogo, akitazama utosi wa mtoto.

Loo! Wanawake wale waligeuka kama upepo. Mmoja alisema ni chai nyingi. Mwingine alisema ni pilipili. Mwingine alisema mwanamke akikaa miaka tisa bila kuzaa mwili unasahau. Mmoja, ambaye mimi mwenyewe nilimwongezea gurusa, alisema wengine wanapewa mtoto na bado hawawezi. Aminah alilia bila sauti. Machozi yalimdondokea mtoto kichwani, na mtoto akafumba macho.

Mimi sikutaka hivyo. Wallahi sikutaka hivyo. Nilimlenga Asiya. Nikampiga Aminah.

Nikasimama pale na tabaga mkononi. Shakira alinitazama kutoka mlangoni. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtoto niliyemzaa. Halafu akaenda kukaa na Aminah, akamshika mguu, maana nafasi ya kushika mahali pengine haikuwepo.

Ijumaa, 9 Februari.

Nimeshinda.

Habuba ameniita baada ya swala. Amesema baada ya mambo ya kopo, Asiya hawezi kutoa mtoto. Amesema kesho nitambeba mimi, kwa sababu angalau mimi nilinyonyesha. Hii ndiyo sifa ya kwanza kutoka kinywani mwake kwa miaka tisini. Muzamili amerudi kutoka Juba, ameelezwa. Ameingia kwa mkewe na kufunga mlango.

Nilidhani nitafurahi. Nimekaa uani tangu adhuhuri najaribu kufurahi. Nimekula ndizi mbili. Hakuna.

Haya. Daftari hili nililisema ni la kweli tupu. Niliandika wote saba wamenyonya miaka miwili kamili.

Sita.

Nimesema sita! Hamuza alipozaliwa nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Tulikaa upande wa Kuluva, kwa mama mkwe. Maziwa hayakutoka. Nilikunywa uji mpaka nikaogopa sufuria, hayakutoka. Mama mkwe alisema ukoo wao hauna wanawake wa namna hiyo. Nililia ndani ya blanketi. Mtoto alilia nje ya blanketi. Palikuwa na mzee Alionzi, mwenye ng'ombe wawili. Kila alfajiri maziwa yalikuja kwenye chupa ya soda, tunachemsha nyuma ya choo, tunampa mtoto kwa kijiko. Miezi mitano. Mama mkwe alikufa akiamini mjukuu wake ni kazi ya titi langu. Hamuza sasa ana futi sita na anafundisha hesabu.

Lakini ile ilikuwa tofauti. Yale yalikuwa maziwa ya ng'ombe, si ya kopo. Na sikukonda hivyo. Na nilikuwa mdogo. Ilikuwa tofauti.

Sasa hapa ndipo naposhindwa kuelewa. Aliyekwenda kwa mzee Alionzi kila alfajiri, na chupa ndani ya hijabu yake ya shule, ni Asiya. Alikuwa na miaka kumi na minne. Alikuja kunisaidia likizo, akakaa mpaka akakosa muhula mzima.

Anajua! Miaka ishirini na mbili anajua. Jana nilipofunua tabaga, alikuwa na neno moja tu la kusema na mimi ningeisha, mbele ya wanawake kumi na wawili. Alinitazama, akanyamaza.

Kwa nini alinyamaza? Nimegeuza jambo hili pande zote. Mtu mwenye silaha haachi kuitumia. Labda anaingoja kesho, mbele ya watu wengi zaidi. Ndiyo. Lazima ana mpango.

Nimekwenda mlangoni kwa Aminah na uji. Amepokea kikombe, akasema asante dada. Nikamwambia asiweke sukari nyingi.

Jumamosi, 10 Februari.

Arobaini.

Niandike pole pole.

Ua ulijaa. Turubai, sufuria, shehe, watoto wanakimbizana. Nilivaa gurbaba ya njano na zambarau. Nilijifunga ili doa liwe nyuma, kisha nikakumbuka kwamba nikivuka mlango watu watakuwa mbele na nyuma. Nikalihamishia ubavuni, chini ya mkono. Kwa hiyo ilibidi mkono ubaki chini. Shakira alikuwa anagawa maji. Nilihakikisha amesimama mahali anaponiona.

Asiya alisimama ukutani, amekunja mikono. Nilimchunga kwa jicho moja. Alikuwa anakula sambusa. Amesimama, bila shaka.

Baada ya dua Habuba akasema nimpokee mtoto. Nikanyoosha mikono. Doa likatoka, lakini nani angejali saa ile? Nilikuwa nimefika. Aminah alisimama na mtoto kifuani. Nikasema bismillahi. Nikamshika mtoto.

Aminah hakumwachia.

Nikavuta kidogo. Akakaza. Nikatabasamu kwa watu. Akasema, huyu mutoto alishatoka zamani.

Hata watoto waliokuwa wanakimbizana walisimama.

Akaeleza. Siku ya kumi na mbili mtoto alipata homa, mchana wa jua kali. Muzamili yuko Juba. Habuba amekwenda msibani Midia. Mtoto amelegea. Akasema alimpigia simu dada Ruqaiya kwanza.

Watu wote walinitazama. Na mimi nikakumbuka. Wallahi alinipigia. Nilikuwa kwenye harusi Arua, wali ndio umefika. Nilimwambia watoto wote huwa na joto, asiwe mama wa kuogopa-ogopa, mimi nimelea saba na sijakimbilia hospitali kwa kila chafya. Nikamwambia ampe titi. Nikakata.

Akampigia Asiya. Asiya alikuwa Omugo anapeleka vipuri. Asiya akampigia mtu wa bodaboda anayekaa mbele ya duka lake, akamwambia aache kila kitu. Mtu yule alikuja. Aminah alikuwa bado ana nyuzi za kushonwa alipozaa, akaogopa atamwangusha mtoto mlangoni. Basi yule mtu akavua jaketi lake, akamfunga mtoto ndani, akavuka naye kizingiti, akambeba mpaka barabarani. Daktari akasema wangechelewa kidogo wangempoteza.

Wangempoteza. Nimeliandika neno hilo mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sikuliona.

Habuba akauliza ni nani huyo mtu. Aminah akaonyesha kwa kidevu. Shingo zote ziligeuka pamoja. Kule penye mapipa alikuwapo mwanamume wa miaka hamsini, ana upara, ana masharubu, amebeba majerikani mawili ya maji ya karamu. Anaitwa Sunday. Mkristo! Akayaweka chini pole pole. Akasema, mimi nilibeba tu, mama yake alikuwa natetemeka.

Habuba alimtazama kuanzia upara hadi ndala. Akamuuliza ana watoto wangapi.

Tisa.

Tisa! Amenizidi wawili!

Habuba akasema basi, mtoto ameshatoka, mwacheni, na chakula kinapoa. Hivyo tu. Miaka yote ya ukoo, hivyo tu! Shehe akasema kupona kwa mtoto ni jambo la kushukuru. Aminah akapita kando yangu na binti yake mkononi, akatoka mlangoni mwenyewe, akaenda kukaa kivulini kando ya Asiya. Wanawake wale wale wa Alhamisi wakamsogezea mto.

Mimi nilikuwa bado nimenyoosha mikono. Sijui kwa muda gani. Shakira ndiye aliyekuja kunishusha mikono, mmoja, halafu wa pili. Akasema, Mama, kaa ule.

Jumapili, 11 Februari. Arua.

Asiya amenirudisha na gari la mizigo la duka. Safari nzima nilingoja aseme lile neno lake. Alizungumza habari za bei ya matairi. Tulipofika getini kwangu, Hamuza alitoka kunipokea mfuko, akainama ili asigonge kichwa kwenye waya wa nguo. Asiya akamtazama, akacheka kidogo, akaniambia, Hamuza amekua vizuri.

Hiyo tu! Akageuza gari akaondoka.

Alimaanisha nini? Mtu ambaye hajazaa anajuaje mtoto aliyekua vizuri? Nilibaki getini mpaka vumbi likatulia.

Shakira hakurudi nami. Nilimwambia afungashe nguo zake. Akasema atabaki Koboko. Sikumgombeza. Nilimuuliza tu kama ni kwa sababu yangu. Akasema Mama, si kila kitu ni wewe. Halafu akanikumbatia kwa mabega yote mawili, na grisi. Nimekaa nalifikiria hilo. Kama anakwenda, kwa nini anikumbatie? Kama ananikumbatia, kwa nini abaki?

Ndani watoto wamenenepa. Siku sita! Tahiru amewafundisha kufua soksi zao. Ziko nane kwenye kamba. Nimezihesabu mara mbili. Kurasa zangu za maagizo zimefungiwa karanga.

Annet amekuja hata kabla sijavua viatu. Pole Mama Hamuza, umerudi? Akasema kule kwenye kwaya watu wanaulizana, mama gani naacha watoto wiki nzima? Si yeye anayeuliza, alisema, ni watu. Nimejisikia kama nimemwagiwa maji. Nimelia jikoni, kweli nimelia, kwa sababu mimi nilikuwa nahangaikia mtoto, na hakuna anayejua mtu mwingine amepitia nini. Kwa nini hatuwezi kuachana? Kwa nini mwanamke asimtazame mwenzake akaona amechoka, akampa kiti, akanyamaza?

Nimeandika hilo nikalisoma tena. Ni neno zuri. Nitamwambia Annet, ambaye kwa taarifa yako aliwaachisha watoto wake wote kunyonya mwezi wa sita.

Sasa kuna jambo linaninyima raha. Yule mtoto. Tabia imeshaingia, hakuna wa kuitoa. Na imetoka kwa nani? Kwa Sunday. Sisi tunamjua Sunday? Upara ule ni wa ukoo au wa kofia ya pikipiki? Watoto tisa ni wa mama mmoja? Ukoo mzima umeshiba pilau ukalala, hakuna aliyeuliza! Lazima mtu mmoja mwenye uchungu na yule mtoto alifuatilie.

Nimeulizia. Mama yake mzazi Sunday yu hai, anaishi Midia, ana miaka themanini na kitu. Nimemwandikia Tahiru kurasa mbili mpya. Jumanne naondoka. Sitamhukumu yule bibi hata kidogo. Nitamsalimia, nitakaa chini, na nitamuuliza kwa heshima zote Sunday alinyonya miezi mingapi.